Waliosafiri wa Inamia

Nilivyofika Inamia sitaeleza, maana njia zote zinafanana: vumbi, kiu, na mtu anayekuapia kwamba pamebaki padogo. Itoshe kusema nilifika saa nne asubuhi, nikaukuta mji umezungushiwa boma la miiba, na langoni amesimama askari mwenye mchanga masikioni.

Akanisalimu, "Chini?"

Sikujua salamu hiyo hujibiwaje. Nikasema, "Juu," kwa sababu darasani, katika yale madarasa machache niliyoyasoma kwa kurukaruka, nilifundishwa kwamba kinyume cha chini ni juu. Askari akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe zake.

"Mzee, unajibu 'chini kabisa'. Haya, wewe nani?"

"Mimi msafiri."

Neno hilo nimelisema katika malango mengi. Wapo walionipa maji kwa ajili yake, wapo walionifungulia mbwa. Ila mtu mzima kulia, hilo sikuwahi kuliona. Yule askari aliangusha rungu, akanishika mkono, akaupapasa toka kiganja hadi kiwiko kama mtu anayechagua muhogo sokoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Una joto. Umerudi, na una joto! Kaka yangu Mbwana umemwona huko? Alisafiri kiangazi cha mwaka juzi. Ana kovu hapa, juu ya jicho."

Nikamwambia simjui Mbwana. Akaniuliza kama huko nilikotoka wanapewa chakula cha kutosha. Nikasema inategemea na mji. Akacheka huku machozi yanamtoka, akaniingiza ndani.

Ilinichukua siku tatu kuelewa nimesema nini pale langoni, na kwa hiyo ni lazima nieleze kwanza nchi yenyewe.

Inamia yote imejengwa juu ya ndege mmoja, mbuni. Wanasimulia kwamba mwasisi wao alikuwa kilimani siku moja, akaona simba anapita bondeni. Mbele ya simba kulikuwa na mbuni ameinamisha shingo, kichwa hakionekani. Simba akapita zake, mbuni akabaki mzima. Mwasisi akateremka na sheria imeshakamilika: asiyetaka kuliwa aingize kichwa mchangani, maana usichokiona hakikuoni.

Ndiyo sababu kila nyumba ya Inamia ina shimo mbele ya mlango, kama kwingine palivyo na mtungi wa maji. Ngoma ikilia, kila mtu hukimbilia shimo lake, huvua viatu kwa heshima, hupiga magoti, na huzamisha kichwa mpaka mabegani, akipumua kwa mwanzi. Hubaki hivyo mpaka ngoma ilie mara ya pili. Mashimo yana vyeo. La mtu wa kawaida ni la mchanga wa hapo hapo, na mbigili zake. La karani huchekechwa. La mheshimiwa lina mto wa sufi wa kulazia shavu, na mtu wa kumpangusa masikio akitoka, kwa manyoya ya mbuni.

Nilihudhuria baraza lao. Kwa miaka kumi na mmoja wanajadili kama raia afumbe macho kwanza ndipo aingize kichwa, au aingize kichwa kwanza ndipo afumbe. Mjumbe mmoja alisema kwa uchungu kwamba anayefumba kwanza anaweza kukosea shimo akazama katika la jirani, na fitina za mji zimeanzia hapo. Mwenzake akajibu kwamba anayeingia kwanza anapata ugonjwa wa macho, na nani atamwuguza? Wakapigiana makofi, wakaahirisha wakale. Simba hakutajwa.

Uwanjani wana sanamu ya mbuni ya jiwe, kubwa, imechongwa vizuri mpaka magamba ya miguu, na haina kichwa. Nikadhani imevunjika. Nikaambiwa ndivyo alivyo mbuni. Mbuni wenye damu walifukuzwa nje ya boma tangu zamani, kwa sababu ngoma ilipolia walikataa kuinama, na wakawa wanawapotosha watoto.

Sasa, mara nyingine ngoma ya pili hulia, watu huinua vichwa, na mmoja hayupo. Pale kwenye shimo lake zimebaki kandambili, zimepangwa sawasawa. Neno kuliwa limekatazwa tangu enzi za mwasisi. Majirani hukusanyika, husema, "Amesafiri," huambiana "safari njema," halafu shimo hufukiwa na kusawazishwa kwa ufagio. Kwenye ukuta wa ofisi wameandika kwa rangi nyeupe: UTULIVU NDIO ULINZI.

Hapo ndipo nilipoelewa machozi ya askari. Mimi nilikuwa msafiri wa kwanza kurudi.

Siku ya tatu niliitwa na Mheshimiwa Ngwali, Mkuu wa Mchanga, ambaye pia ndiye hakimu. Mtu mnene, mpole, mwenye shingo iliyoota sugu pande zote. Kando yake alikaa karani wake, Pandu, na daftari kubwa.

"Mzee wetu," akasema, "karibu tena nyumbani. Watu wetu hawajambo huko?"

"Mheshimiwa, mimi natembea kwa miguu. Sijaliwa na kitu."

Karani akakohoa. Mheshimiwa akatabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akitamka tusi bila kujua maana yake.

"Neno hilo hatulitumii. Umesema langoni wewe ni msafiri. Pandu, si imeandikwa?"

"Imeandikwa, Mheshimiwa."

"Basi. Kesho kuna shauri. Mwanamke mmoja, Sikudhani, mwokota manyoya wetu, anadai aliinua kichwa kabla ya ngoma ya pili na akaona mumewe anavyoondoka. Anataka tubadilishe daftari. Wewe utasimama, utasema maneno mawili: 'Hawajambo huko.' Tutakupa nyumba yenye shimo la mchanga uliochekechwa."

"Na yeye?"

"Yeye atasafirishwa."

Nikauliza maana yake. Karani akaeleza bila kuinua macho: mtu anatolewa nje ya boma alasiri, lango linafungwa, na asubuhi inaandikwa kwamba amesafiri.

Nitasema kweli. Nilipotoka pale miguu yangu ilishaanza kuwasha. Mimi tangu ujana sikai. Nimeondoka mahali kwa sababu ya vita, kwa sababu ya mvua, na mara nyingi kwa sababu ya kuchoshwa na ukuta uleule. Nikajiambia shauri hili si langu. Nikatoka langoni na fimbo yangu, na askari akanipungia mkono kwa furaha, akidhani naenda kumtafutia Mbwana.

Hatua mia mbili nje ya boma nikamkuta mwanamke ameinama anaokota manyoya, gunia begani. Mbali kidogo walikuwa mbuni, kama kumi hivi, wamejitawanya kwenye nyasi. Huyo ndiye Sikudhani; wakuu wa mji hawakumfunga, nilikuja kujua, kwa sababu bila yeye waheshimiwa wangekosa cha kupangusia masikio.

"Wewe ndiye uliyerudi?" akaniuliza.

"Sijarudi kokote, bibie. Napita tu."

"Aa! Basi mji huu una watu wawili wasiosema uongo. Na mmoja anaondoka."

"Nani kakwambia naondoka?"

"Miguu yako. Toka umesimama hapo umeshaibadilisha mara sita. Umekuwa kama mbuni."

Nilikasirika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona mbuni wa mji ule, yaani yule wa jiwe asiye na kichwa. Akanielekeza kwa kidevu. "Unamwona yule jike wa kijivu? Anafanya nini?"

Jike alikuwa ameketi, shingo imezama mbele yake, kichwa hakionekani. "Amejificha," nikasema.

"Hata wewe! Anageuza mayai. Kiota chake ni shimo la ardhini, anayageuza kwa mdomo moja moja yapate joto pande zote. Mwasisi wetu alimwona mama yuko jikoni, akadhani anasali." Akacheka peke yake, halafu akaacha. "Nchi nzima imepiga magoti kwa sababu ya mapishi ya ndege."

"Na simba alipompita?"

"Alikuwa ameshiba. Hutokea."

Akaweka gunia chini, akanifundisha kama fundi anavyomfundisha mtu asiyeshika haraka. Mbuni, akasema, ana shingo ndefu ili aone mbali, na jicho lake ni kubwa kuliko ubongo wake, hilo halibishaniwi. Lakini jicho hilo ndilo boma lake. Simba angali mbali, yeye ameshamwona na ameshaondoka, na akikimbia hakuna wa kumfikia. Akibanwa hupiga teke, tena la mbele, si la nyuma kama la punda, na ule ukucha wake ni jembe. Akiwa na mayai hujilaza kifudifudi, ananyoosha shingo ardhini, ukimtazama kwa mbali utadhani kichuguu.

"Basi si anainama?"

"Anainama macho wazi, mzee wangu. Kuna kujificha na kuna kujidanganya." Akamwonyesha dume mweusi. "Huyo mume wa watu ndiye mwongo wa kweli. Adui akikaribia kiota, anajifanya amevunjika bawa, anajikokota, analia, mpaka adui amfuate upande mwingine. Halafu anaamka na mbio zake."

Kundi lilikuwa likila. Nikaangalia vichwa: kimoja chini, kingine juu, huyu akiinama, yule anainua.

"Hawana raha," nikasema.

"Hawana. Akila anashtuka, akinywa anashtuka. Wanatucheka sisi tunavyosifu utulivu. Kundi zima hawajawahi kuinama pamoja, hata siku moja. Kutotulia huko ndiko kunakowaweka hai."

Nikaitazama miguu yangu. Maisha yangu yote nimeambiwa kutotulia ni ugonjwa.

Kisha nikamwuliza kuhusu mumewe. Alichagua unyoya mmoja guniani, akaunyoosha kwa vidole muda mrefu.

"Nilikuwa nimeinama kama watu wengine. Mchanga ukanikereketa kooni, nikainua kichwa nikohoe. Kikohozi tu, sikuwa shujaa. Mshamu wangu alikuwa hatua ishirini, kainama vizuri, angekuwepo mkaguzi wa shingo angempa alama zote. Simba hakukimbia. Alitembea, kama mtu anakwenda kuchota maji. Ningeita, Mshamu angenisikia."

"Hukuita."

"Sikuita. Sheria ilinikaba koo." Akaurudisha unyoya. "Sitaki waniombe radhi. Nataka neno moja liandikwe kwenye lile daftari: aliliwa. Likiandikwa, mtu atakayefuata atainua kichwa."

Nilishika fimbo yangu kuondoka. Nilipofika kwenye njia panda, miguu ikanirudisha langoni. Mpaka leo sijui kwa nini, na sijipi sifa, kwa sababu nilirudi nikiwa bado sijaamua nitasema nini.

Shauri lilisikilizwa uwanjani, chini ya ile sanamu, ambako nako kumechimbwa mashimo. Watu walijaa. Bi Sikudhani alisema yake kwa maneno machache, na hapo zogo likaanza.

"Macho yamemtoka kama mbuni!" mmoja akapiga kelele.

"Mbuni gani ana macho wewe?" mwingine akamjibu, na watu wakacheka mpaka Mheshimiwa akagonga meza.

"Mama Sikudhani," akasema kwa upole, "tunajua una majonzi. Mtu akisafiriwa huona mengi. Futa kauli yako, urudi kwenye manyoya yako."

"Andikeni neno, nitanyamaza."

"Basi msafiri asimame."

Nikasimama. Uwanja mzima ukanigeukia. Mstari wa mbele alikuwa yule askari wa lango, rungu kifuani, ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama mganga. Nikaona kwamba maneno yale mawili yangemfurahisha. Wote pale walikuwa na mtu. Kusema "hawajambo" kungekuwa sadaka rahisi kuliko zote nilizowahi kutoa.

"Ndugu zangu," nikasema, "mimi sijui mengi, shule nimeisoma vipande. Ila kusafiri nakujua, ndiyo kazi yangu. Msafiri huaga. Msafiri hubeba maji. Nimepita nchi nyingi, na mpaka leo sijamwona msafiri anayeondoka akaacha viatu."

Nilimwona askari akitazama chini, miguuni pake. Mwanamke mmoja nyuma akasema polepole, "Kandambili za mama zilibaki." Mwingine akasema, "Za Juma pia." Watu wakaanza kutazamana, na Mheshimiwa Ngwali akafanya lile ambalo bila shaka lilimpa cheo chake. Akamwashiria mpiga ngoma.

Ngoma ikalia. Simba hakuwepo, mbingu zilikuwa nyeupe na nyasi zimetulia. Uwanja mzima ukapiga magoti. Hata yule mwanamke wa kandambili za mama akatafuta shimo la kuazima. Karani Pandu aliingiza kichwa katika lake na kuuacha mkono nje, na nikauona mkono ule unaandika hukumu bila kichwa, kwa mwandiko mzuri. Tulibaki tumesimama watatu: Bi Sikudhani, mimi, na askari, aliyekuwa bado anatazama miguu yake.

Alasiri tukatolewa. Askari mwenyewe ndiye aliyefungua lango. Alikuwa na kandambili za ngozi mkononi, zimefutwa vumbi.

"Za Mbwana," akaniambia. "Vaa, mzee. Zako zimekwisha." Akafunga lango, nikasikia amebaki pale pale nyuma yake.

Tulikwenda kukaa karibu na mbuni, na Bi Sikudhani akanionyesha namna: mmoja anapumzika, mmoja anatazama, mgongo kwa mgongo, dume akinyanyua shingo, wote tunanyanyuka. Mara moja kundi lilikimbia, nasi tukakimbia nalo, na mimi mzee nikagundua kwamba mbio ninazo bado, mradi nimwone ninayemkimbia.

Asubuhi karani Pandu akaja upande wa ndani wa boma na daftari lake. "Nimekuja kuandika mmesafiri."

"Tuko hapa, tunakunywa uji," Bi Sikudhani akamjibu.

"Naona. Yaani, sioni." Alitoka jasho. "Nimeshaliandika lakini. Wino hauturuhusu kurudi nyuma."

"Acha hivyo hivyo, mwanangu. Chini yake andika kwamba hawa waliosafiri wana macho."

Hakuandika. Lakini hakuondoka haraka. Aliuliza, kama anauliza bei ya kitu asichonuia kununua, "Upande wa mashariki kuna nini leo?"

"Leo hakuna kitu. Kaendelee na kazi zako."

Siku ya nne tangu tutolewe ngoma ililia, na safari hii simba alikuwepo. Jike mzee mwenye njaa, anazunguka boma upande wa mashariki akitafuta penye mwanya. Bi Sikudhani alimwona angali mbali kama mbuni wanavyomwona. Akaweka mikono kinywani, na sauti iliyotoka nadhani ilikuwa imekaa kooni mwake tangu ile siku ya kikohozi.

"Mashariki! Mashariki kwenye kisima! Inueni vichwa!"

Wengi hawakuinua. Askari aliinua, na mwanamke wa kandambili za mama akainua, naye akawavuta watu wa nyumba yake kwa miguu, wakitukana na mchanga mdomoni, mpaka ndani, akafunga mlango. Simba alipata mwanya, akaingia, akapita kwenye mashimo matatu matupu, akatoka alivyoingia. Ngoma ya pili ikalia. Viatu vyote vilikuwa na wenyewe.

Daftari halijabadilishwa. Ila kila asubuhi, nikichungulia kati ya miiba, katika shimo lililofukiwa la Mbwana huonekana neno moja limechorwa kwa ncha ya rungu: ALILIWA. Maofisa hulifagia mchana. Asubuhi lipo tena, na siku hizi lipo katika shimo la Mshamu pia, kwa mwandiko mwingine, mzuri sana, ambao mimi naujua.

Wiki hiyo hiyo ya simba nilimuaga Bi Sikudhani. Nilikuwa nimekaza kandambili za Mbwana na kujaza maji.

"Njia njema," akasema. Neno lile lingine hakulitaja. "Ila niambie kitu kimoja. Mimi natazama mashariki. Magharibi atatazama nani?"

Nikamwambia mimi si mtu wa kukaa, sina utulivu.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Nayaandika haya nimekaa kwenye kichuguu upande wa magharibi, jambo ambalo miguu yangu haijalizoea na inalalamika. Kila mstari nainua kichwa. Msomaji ukikuta mahali sentensi imekwenda kombo, ujue ndipo nilipotazama. Sasa hivi ngoma inalia mjini. Nimemwona dume mweusi amenyoosha shingo. Upepo hakuna, lakini nyasi za upande wangu zinatembea kuelekea boma, polepole, kama mtu anakwenda kuchota maji.

Naweka kalamu chini. Naita.